Walioitikia kwa Dole Gumba

Mtaalamu alikuja kutoka Same mjini akiwa na kompyuta mgongoni. Alituambia sisi wa kikundi cha maji, wakulima wa mlimani, kwamba siku hizi taasisi isiyo na tovuti wala ukurasa mtandaoni ni kama haipo. Tukatazamana. Kikundi kilianza enzi za babu zetu, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama tupo.

Tovuti na ukurasa alitutengenezea hapo hapo. Ndiva yetu, yaani bwawa la mawe na udongo linalokusanya maji ya mfereji kabla ya kugawiwa mashambani, aliiwekea picha ya ziwa lenye bata weupe. Kwenda kuipiga picha yenyewe alishindwa. Alisema njia ni mwinuko na viatu vyake si vya huko.

Kuandika kwenye ukurasa nilipewa mimi. Mwenyekiti alisema, "Huyu haongei. Hatatuletea maneno." Hicho ndicho cheo pekee ambacho aibu yangu imewahi kunipatia.

Kabla ya hapo, msaragambo, kazi yetu ya pamoja, uliitwa na mzee mmoja mwenye sauti kubwa. Alisimama juu ya mwamba asubuhi na mapema akaita, na kila nyumba ikaitikia kutoka mlangoni. Kwetu kuitikia ni ahadi. Ukiitikia halafu usitokee, hata chumvi utaona haya kuomba kwa jirani. Mtaalamu alimwambia mzee apumzike sasa, teknolojia imefika.

Mwezi huo ndiva ilijaa tope. Shamba la mama yangu ni la mwisho kabisa kwenye mfereji. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na maji yalikuwa hayamfikii. Maua yakikauka, mwaka huo hatuna maharage. Kwa hiyo tangazo langu la kwanza niliandika kwa moyo wote. Mistari minne, asubuhi nzima: Alhamisi, njooni na majembe na mabeleshi, tuondoe tope.

Kufika Jumatano lilikuwa na madole gumba tisini na moja. Mwenyekiti aliyahesabu mwenyewe, mara mbili.

"Tisini na mmoja wameitikia," alisema. "Enzi za baba yangu hawakufika hata hamsini."

Nilitaka kumwambia kwamba kuitikia kwa huko ni kwingine. Sauti haikutoka. Akaagiza makande ya watu tisini na mmoja.

Alhamisi tulikuwa sita, pamoja na wapishi wawili. Mwenyekiti akaniambia nimsomee walioitikia. Karibu wote walikuwa watoto wa kwetu wanaoishi mijini. "Hongereni sana." "Nimekumbuka nyumbani." Mmoja aliweka moyo mwekundu. Majirani zetu wa ng'ambo ya bonde, wale wenye mabeleshi, wana simu za kitochi, zisizoingia mtandaoni.

"Huyu wa moyo yuko wapi?"

"Arusha."

"Atafika saa ngapi?"

Nilikwenda kwa yule mzee, nikamkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kama ni habari ya kuita, mimi nimestaafishwa. Ita na simu yako."

"Babu, maharage ya mama yanakauka."

Alimaliza kumenya ndizi ile. "Mwamba haujastaafu," akasema. "Uko pale pale."

Nikapanda. Mara ya kwanza sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi aliyenaswa na kamba shingoni. Mara ya pili nilifumba macho. Bonde likanyamaza, kisha mlango mmoja ukaitikia, na mwingine, na mwingine. Watu walikuja mbio, wengi mikono mitupu. Mama mmoja alikuwa ameshajifunga kanga ya kwendea msibani.

"Amekufa nani?"

"Hakuna."

"Sasa unaita nini wewe? Tangu uzaliwe hatujakusikia."

"Tope," nikasema.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini walikuwa wameshaitikia, na makande waliyaona. Wakarudi kuchukua majembe.

Kesho yake maji yalifika shamba la mwisho. Mama alisimama katikati ya matuta, miguu peku, akiyaangalia yanavyopita.

Nikaposti picha ya ndiva ikiwa safi, bila bata. Mtaalamu akaandika chini yake kwamba hiyo ndiyo nguvu ya mtandao, na akaomba kikundi kitume msemaji kwenye semina yake. Mwenyekiti akanipendekeza mimi, kwa kuwa sasa nina sauti. Kisha akachukua simu, akahesabu madole gumba.

"Mia moja na kumi na mawili," akasema, akanirudishia. "Hawa tusiwapikie."