Wekundu wa Pajani

Simu ya hospitali ilimkuta Lorelle mbele ya ukumbi wa kanisa, amevaa glavu, ndoo za vyura zimepangwa miguuni pake. Muuguzi alimwambia kwa upole kwamba Shangazi Enid alilala vizuri usiku, na alfajiri hakuamka. Lorelle akashukuru, akakata simu, akabaki amesimama.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya msako. Kila mvua za kwanza zikinyesha, watu wa mji ule wa miwa, Queensland, Australia, hutoka na tochi kuokota vyura wa miwa, wale wageni wenye sumu walioletwa zamani kula wadudu wa miwa, wakaishia kuijaza nchi. Kukipambazuka huletwa ukumbini, wakatiwa kwenye friza wafe kwa baridi. Lakini kabla ya friza alikuwapo Shangazi Enid wa kuwakagua, maana kila msako huzoa pia vyura wa kienyeji ambao kosa lao ni unene na rangi ya kahawia tu.

Shangazi alifanya kazi ya kufunga ndizi masandukuni, bandani, tangu usichana, na vyura alijifunzia humo humo. Wale wadogo wa kijani walijibana katikati ya chane. Yeye aliwatambua kwa mstari wa njano unaoishia jichoni na zambarau iliyofichwa nyuma ya mapaja, kisha akawarudisha migombani, akiwaimbia tenzi.

"Mungu ni fundi mwenye mzaha," alipenda kusema. "Nje nguo za kazi, ndani nguo za sikukuu."

Na aliyetaka kuhukumu haraka alimkemea: "Mgeuze kwanza! Hata wewe Clarrie, ningekuangalia sura tu, ungekuwa kwenye friza zamani."

Clarrie huyo, mkulima wa miwa na jirani yao, ndiye aliyemsogelea Lorelle sasa.

"Lorelle, mbona hivyo?"

"Shangazi ametutoka."

Mzee akavua kofia. Kisha akasema, "Basi tuwatie wote friza, mwanangu, twende nyumbani. Leo nani atawakagua?"

Lorelle akazitazama ndoo. Vyura wa kwao walikuwamo, hilo alilijua. Ila hajawahi kuamua bila Shangazi kando yake, na chura atakayehukumiwa kimakosa hatarudi. Akaomba kimoyomoyo, akavuta kiti cha Shangazi, akaketi.

"Lete ndoo, Bwana Clarrie."

Mmoja mmoja akawageuza. Mwenye tezi kubwa mabegani na matuta ya mfupa juu ya macho, friza. Mwenye tezi, friza. Kisha akashika mmoja mnene, amejaa tope.

"Huyo mgeni," Clarrie akasema. "Mtazame tumbo, kama langu."

"Lako halina uso mzuri hivi." Akamwosha chini ya bomba. Mabegani hapakuwa na tezi. Chini ya jicho ukatokea mstari wa rangi ya chungwa hadi mkononi. Akaunyoosha mguu wa nyuma taratibu, na pale kwenye kinena pakawaka wekundu, kama kitambaa kipya.

"Wa kwetu!" Lorelle akapiga kelele, machozi yakimtoka huku anacheka. "Wa kwetu huyu, mzee, usimguse!"

"Enid angenitukana," Clarrie akasema, naye akicheka.

"Angekutia friza."

Ndoo zilipokwisha, wenye wekundu walijaza beseni. Lorelle na Clarrie waliwapeleka bwawani mchana huo, na kabla hawajafika garini mmoja alishaanza kulia majini, kama mtu anayekung'uta uzi wa banjo.

Shangazi Enid alizikwa Jumatano, makaburi ya nyuma ya kanisa. Mchungaji alisoma Zaburi. Clarrie alisimulia habari ya friza na watu wakacheka kwa sauti, hata mchungaji. Jeneza likashushwa. Lorelle alitupa udongo wa kwanza, wengine wakafuata, wakasali Baba Yetu pamoja, kisha wakaenda ukumbini kunywa chai.