Kupima Boma la Baba

Katika kata yetu ya Kasansa mimi ndiye niliyeondoka na jembe nikarudi na diploma, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Ada nilijilipia mwenyewe, kwa kuvuna tumbaku ya watu kule Inyonga na kufyatua matofali Mpanda. Hakuna ng'ombe wa baba aliyeuzwa kwa ajili yangu. Nilifanya kazi Morogoro, nikafanya Ruvuma, na niliporudi nilijenga Mpanda nyumba ambayo bodaboda huitumia kuelekeza abiria.

Basi walipotafutwa watu wa kutathmini uwezo wa miji na vijiji vyetu kuhimili mabadiliko ya tabianchi, sikushangaa kuitwa. Kazi yenyewe ni kuuliza jambo moja kwa njia nyingi: mvua ikikosekana, au ikija yote kwa mkupuo, hapa patasimama? Mpanda mjini nilikagua mitaa ambayo nyumba zimetangulia na mifereji haijafika. Inyonga niliwauliza warina asali miombo siku hizi inachanua lini. Usevya nilisimama kwenye majaruba ya mpunga yenye nyufa za kumeza mguu. Kote nilitoa alama bila kusita. Kisha ikafika zamu ya Kasansa, na kaya ya baba ikawamo.

Nilimkuta zizini. Kilikuwa kiangazi, na ng'ombe walikuwa wakinyweshwa kwenye mashimo yaliyochimbwa katikati ya mto, mchangani. Kila mwaka mashimo yalizidi kwenda chini. La baba sasa lilimficha mtu mzima.

Nilifungua kishikwambi nikauliza kama nilivyowauliza wengine: "Hali ikizidi kuwa mbaya, kaya hii ina mahali pa kwenda?"

"Andika ndiyo," baba alisema. "Tunahama wiki ijayo. Mimi, mama yako na ng'ombe wote."

Sikuwa nimeambiwa. "Wapi, baba?"

"Kusini. Malisho yalipoisha Shinyanga tulikuja huku, tukapata. Mbele huwa kupo."

Mama, ambaye nyumbani tunamwita mayu, alidakia kutoka jikoni: "Mbele kupo, ila magoti yako uliyaacha Shinyanga."

Baba hakucheka. "Wewe umezunguka," aliniambia. "Kupo au hakupo?"

Ningeweza kusema sijui, lakini sikusoma ili niseme sijui. Nilimweleza kwamba upande huu ni hifadhi, upande ule ni misitu ya Inyonga, na Usevya watu wamelima mpaka ukingoni mwa mto. Huko kusini nimefanya kazi. Nimeona wafugaji wakifika na mizigo kichwani, wakikuta kila bonde lina mwenyewe.

"Hakupo, baba. Mkiondoka, ng'ombe watafia njiani na nyie mtazeekea njiani. Kaeni. Ila kwa maji haya nusu ya zizi haifiki masika. Iuze ingali inatembea."

"Mayu, njoo usikie," baba aliita. "Huyu hakuniomba hata ndama alipokuwa shule. Leo anataka nusu ya zizi."

"Si tulijisifu kwamba amesoma?" mayu alijibu. "Ndiyo masomo hayo."

Kwetu mwanamume anayepunguza ng'ombe kwa hiari ni kama anajipunguza mwenyewe. Ng'ombe wale baba aliwajua kila mmoja kwa mama yake na bibi yake, na wengine walitoka kwenye uzao aliotoka nao kaskazini kwa miguu. Nilijua ninachomwambia. Nilikisema kwa sababu ndicho kilichokuwa kweli, na mpaka leo sijaona mtu wa kunikosoa.

Nilibaki pale mpaka siku ya mnada. Alfajiri baba alianza kuwatenga wa kuuzwa: kwanza maksai, kisha mitamba, akimshika kila mmoja mgongoni kabla ya kumtoa. Waliobaki zizini walilia, na waliotoka wakaitikia.

Kwenye njia panda ng'ombe walikata kuelekea mtoni, kwa mazoea. Nilisubiri baba awarudishe. Alikuwa nyuma, fimbo mkononi, amesimama tu.

"Wewe ndiye uliyesema," akaniambia. "Tangulia."

Nikazunguka mbele yao, nikapiga mluzi kama nilivyofundishwa utotoni, nikashika njia ya mnadani. Sikugeuka. Baada ya muda nikasikia kwato zikinifuata.