Bia Yangu Kwenye Kanzu za Idi

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye yule mtu aliyemwagia kanzu za Idi bia, tena mjini Kitale, mchana kweupe.

Wakati huo simu bado ni za kubonyeza, nilikuwa nauza dawa za mifugo, na ndugu yangu alikuwa anaoa kwetu Bungoma. Nikaamua ati nitampelekea bia ya kujipikia (mzungu mmoja wa Endebess alikuwa amenifunza). Ukishaipika unaitia kwa chupa na sukari kidogo, unafunga kizibo, halafu unangoja wiki mbili tatu ijitengenezee gesi. Sasa kungoja ndiyo kazi! Siku ya tano nikafungua moja, haina hata povu. Nikasema ni baridi ya Kitale hii, nikafungua zote, nikaongeza kijiko kizima cha sukari kila chupa, nikafunga, nikabeba kreti hadi kwa jirani yangu Fundi Hamisi, mshonaji, kwa sababu kona yake ya pasi ya makaa ilikuwa na joto siku nzima.

"Ni nini hiyo?" akauliza.

"Tangawizi tu, Fundi." (Mimi huyo, nikimdanganya mtu ambaye hajawahi kuonja pombe.)

Ijumaa mchana, nikiwa dukani, nikasikia pah! Halafu pah! pah! pah! watu wakatawanyika, na mimi nikajua. Kufika, povu iko mpaka kwenye dari, vipande vya chupa vimejikita mlangoni, na kanzu kumi na moja nyeupe zinachuruzika bia. Fundi alikuwa ameenda kuswali. Akatokea na wenye kanzu nyuma yake.

"Harufu gani hii?" mmoja akafoka.

Fundi akaniangalia kwanza. "Kinywaji cha jirani kimemwagika," akasema. "Zitafuliwa."

Angeniumbua, bana, na hakuniumbua. Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. Nikasema mbele ya wote, "Ni bia. Ni yangu. Nilimdanganya." Niliyoambiwa hapo siwezi kurudia.

Walipoondoka nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza: "Nguo inafuliwa. Kama ningekuwa nimesimama hapo na pasi yangu, ungefua nini?" Kisha akakunja mikono ya shati, akanisukumia beseni, na tukafua siku mbili kwa ndimu na sabuni, akinionyesha jinsi ya kukamua bila kuvuta mshono.

Idi ikafika, kanzu zote zikavaliwa. Mimi nilikuwa nimejifungia nyumbani, mke wa Fundi akabisha hodi: "Fundi anasema chakula kinapoa, anakungoja wewe." Nikaketi katikati ya walewale walionifokea, mmoja akanusa bega lake makusudi, wakacheka, nami nikacheka na pilau mdomoni.

Bungoma nilienda mikono mitupu. Bia sijapika tena, na siweki kitu kwa mtu bila kumwambia ni nini. Lakini Idi ikifika, kwa Fundi Hamisi mimi siku hizi siitwi. Nafika kabla sufuria haijatoka jikoni.