Nilipompa Jambazi Jina la Jirani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mkono unakwenda wenyewe mdomoni. Umeniuliza kama picha hizi za kuchinjana na kupigana risasi, zinazoingia mpaka kwenye simu za watoto wetu, zipigwe marufuku, au watu waachwe watazame wanachotaka na waseme wanachotaka. Swali lako zuri, na mimi mwenyewe bado najiuliza. Basi nikusimulie kwa nini mzee kama mimi, niliyekula ujana wangu kwa picha hizo hizo, sina jibu la neno moja.

Zama hizo za kanda na deki, nilikuwa mtafsiri katika banda la video la Bakari, pale mtaani kwetu Mtawanya. Kuta za makuti, mabenchi ya magogo ya mnazi, televisheni moja, na jenereta likinguruma nyuma. Picha zilikuja na lugha za watu wa mbali, hakuna aliyezijua. Hata mimi sikuzijua! Kazi yangu ilikuwa kushika kipaza sauti na kueleza kinachoendelea kwa Kiswahili, na pale nisipoelewa nilitunga. Nilitunga sana, mwanangu. Nikawa na jina. Watu wa mtaa wa Rahaleo walikuwa wakija kwa miguu kunisikiliza mimi, si kuangalia picha.

Mtaani kwetu alikuwepo fundi baiskeli, Mzee Likanga. Mmakonde mpole, mzito wa maneno, jicho lake la kushoto liliharibika tangu utotoni. Hakuwa na ugomvi na mtu. Sasa msimu mmoja wa korosho Bakari akaleta picha mpya, na ndani yake mlikuwa na jambazi mwenye jicho moja. Alipotokea tu, ulimi ukaniteleza. Nikasema, "Haya, Likanga huyo kaingia!"

Banda zima likaangua kicheko. Na mimi, nikisikia kicheko, sikujua tena breki iko wapi. Kila jambazi yule alipoua, nilisema Likanga kaua. Alipoiba, Likanga kaiba. Mwisho shujaa alimkamata akampiga kwa mnyororo, na hapo nikabuni maneno niliyoyaona matamu kuliko yote: "Likanga, leo utajua chuma na mfupa kipi kigumu!" Watu wakasimama juu ya mabenchi. Bakari akairudisha picha ile siku nne mfululizo.

Wazee husema mzaha mzaha hutumbua usaha. Siku ya tano, asubuhi, baiskeli ya mtu ikapotea sokoni. Mchana, picha ilipokwisha, vijana watatu walitoka bandani wakamkuta Mzee Likanga njiani anakokota fremu kuukuu ya baiskeli aliyoinunua Mikindani. Mimi nilikuwa nimebaki ndani nafunga nyaya. Nikasikia kelele. Nikasikia na sauti ikisema, kwa mapozi yangu mwenyewe, "Likanga, leo utajua chuma na mfupa kipi kigumu!"

Nilipotoka alikuwa chini. Walikuwa wamempiga kwa mnyororo wa baiskeli, na mkono wa kulia, aliouinua kujikinga, ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Hakulia. Aliniangalia tu. Baiskeli ilipatikana kesho yake: shemeji wa mwenye baiskeli ndiye aliyeichukua bila kuaga.

Mkutano wa mtaa ukaitishwa, alasiri, na watu walijaa. Wengi walitaka banda lifungwe na kanda zote zichomwe. Bakari akasimama akijitetea. "Picha haina mkono," alisema. "Mamia wametazama, waliopiga ni watatu. Mkinifungia mimi leo kwa sababu hamkupenda picha, kesho mtamfungia mwenye taarabu, keshokutwa mwenye gazeti. Nani atawaambia ukweli basi?" Wengine wakamzomea, wengine wakanong'ona kwamba ana hoja. Mimi nilikaa nyuma nimeinamisha kichwa, na ajabu yake ni kwamba hakuna aliyenitaja. Wote waliisema picha.

Ndipo akainuka Bi Somoe. Huyu alikuwa nyakanga, yaani ndiye aliyewafunda wasichana wa mtaa wote unyagoni, na hata mwenyekiti alimwamkia shikamoo kwa kuinama. Akasema, "Jamani, nani kati yenu mnaotaka kuichoma kaiona?" Hakuna mkono ulioinuka. "Na mimi sijaiona. Kitanda nisichokilalia sijui kunguni wake. Iwekwe niitazame. Na Likanga aje, akipenda."

Akapenda. Kesho yake mchana tukaingia bandani: Bi Somoe, mwenyekiti, wazee wachache, Bakari, na Mzee Likanga na mkono wake wa plasta. Nikashika kipaza sauti. Bi Somoe akanizuia. "Wewe nyamaza kwanza. Wacha niangalie na macho yangu."

Alitazama kama mtoto anayeona bahari mara ya kwanza, mwanangu. Aliuliza kila kitu. Ile damu ni rangi? Huyu aliyekufa, mwenyewe yuko hai huko kwao? Kisha akanyoosha kidole. "Huyu mwenye jicho moja, mbona analia?"

Nikaangalia. Kweli, jambazi alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba iliyoungua, amekumbatia kiatu cha mtoto. Sehemu ile ilikuwepo siku zote. Kumbe kabla ya kuwa jambazi, yule mtu alichomewa nyumba na wanawe. Mimi kila ikifika hapo nilikuwa naijaza kwa vichekesho, maana machozi hayachekeshi watu, nami nilitaka wacheke.

"Uliwaambia watu kwamba alifiwa?" Bi Somoe akaniuliza.

"Hapana, bibi."

"Haya. Irudishwe mwanzo. Sasa sema kama ulivyokuwa unasema."

Ikarudishwa. Jambazi akatokea. Mzee Likanga alikuwa amekaa benchi la mbele, hatua mbili kutoka kwangu. Nikafungua mdomo, lile jina likakataa kutoka. Nikajaribu tena.

"Mbona umekwama?" akasema Bi Somoe, wala hakuwa mkali, alitaka kujua kweli. "Juzi ulikuwa huru. Na leo hakuna aliyekukataza."

Nikakiweka kile kipaza sauti chini nikamwendea Mzee Likanga, nikapiga magoti, nikasema nimekosa. Yeye akamgeukia Bakari: "Mimi sikuwahi kuingia humu. Huyu chongo mwenzangu, mwisho wake anakufa?"

"Anakufa, mzee."

"Maskini," akasema Mzee Likanga. Basi.

Mkutano uliporudi, Bi Somoe alisema maneno ambayo nimeyabeba miaka yote. Alisema: "Unyagoni tunasema mambo mazito, na wanaume jandoni vilevile. Hatujawahi kuyafuta, kwa sababu yana faida. Lakini hatuyasemi sokoni, wala hatumwambii mtoto wa miaka saba. Kila neno lina umri wake na mahali pake. Sasa nyinyi mnataka kuchoma kanda, na aliyeumiza mtu ni ulimi. Ulimi mtauchoma wapi?" Wakakubaliana banda libaki. Kwenye picha za kuuana, watoto wasiingie, na Bakari alaumiwe akiwaingiza. Na mtafsiri asimpe muuaji jina la mtu aliye hai. Wale vijana watatu walishughulikiwa na sheria. Mimi hakuna sheria iliyonigusa, kwa hiyo nilijipeleka mwenyewe. Kwa miezi yote ambayo mkono wa fundi ulikuwa unaunga nilishinda kibandani kwake, yeye akiniambia wapi nikaze na wapi nilegeze. Mkono uliunga umepinda. Hakuwahi kuniambia amenisamehe, nami sikumwuliza. Alinifundisha ufundi, ndio niliolelea watoto wangu.

Na bado udadisi haukuniacha. Miaka mingi baadaye nilikutana na mmoja wa wale watatu, Hamza, amekuwa mtu mzima anavua kule Mnazi Bay. Nikamwuliza, "Hamza, niambie ukweli. Ni picha ndiyo iliyowatuma?" Alifikiri sana. Akasema, "Picha nilikuwa nimeona nyingi kabla ya hapo, wala sikumpiga mtu. Siku ile nilitaka watu wacheke kama wanavyocheka ukisema wewe." Hebu fikiri, mwanangu. Mpaka leo nalitafuna jibu lile. Je, bila picha angeshika mnyororo? Sijui. Bila jina angemshika Likanga? Hilo nalijua.

Ndiyo maana leo nikisikia watu wanasema zifungwe zote, nawauliza kama wameziona mpaka pale jambazi anapolia, au wamesimuliwa tu. Anayefunga bila kutazama huenda akaizika huruma pamoja na damu. Na nikisikia wengine wanasema uhuru, kila mtu na lake, nawauliza kama wangeweza kulisema neno lao na mwenye jina amekaa benchi la mbele. Ila usinielewe vibaya. Mkubwa akidhulumu, mtaje, hata akinuna, hata akiwa mbele yako. Ni kwa ajili hiyo tulipewa uhuru wa kusema. Mimi nilimtaja mnyonge ambaye hakunidhulumu, tena hayupo, ili watu wacheke. Huo haukuwa uhuru. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiogope kutazama, lakini tazama mpaka mwisho, na uulize aliyelia amelilia nini. Mtoto mdogo mkingie mpaka umri wake ufike, na ukimkingia, mwambie kwa nini, maana akikatazwa bila sababu atakwenda kuchungulia. Kabla hujakataza neno la mtu, lisikilize. Na kabla hujalituma la kwako kwenye hizo simu zenu, ambako kicheko kimoja kinafika Newala na Masasi kabla hujameza mate, jiulize litamwangukia nani.

Mwenyezi Mungu akufungulie kinywa penye haki na akufumbie pale kinapotaka kudhulumu. Akupe marafiki wa kukuuliza maswali bila kukuchoka, na aibu ikukute mapema, ungali na muda wa kutengeneza. Nenda salama, mwanangu. Amina.