Docteur wa Pumzi za Ng'ombe

Juzi nilikuwa kwenye foleni mbele ya meza ya mama anayeuza mashanza, yale maziwa ya kuganda tunayoyapenda hapa Bukavu. Kila mteja alisikia sifa za binti yake: "Mutoto yangu anasomea docteur."

Mara binti mwenyewe akafika, buti zimejaa matope ya malisho ya kule Miti, nje ya mji. Mzee aliyekuwa akichechemea mbele yangu hakungoja. Akakunja suruali, akatoa goti.

"Docteur, angaliako hapa."

"Papa, mimi si munganga. Niko nafanya doctorat ya malisho. Ng'ombe ikikula, inatoa hewa kwa kinywa, na ile hewa inaleta joto mu dunia. Natafuta majani yenye itaipunguza."

Mzee akafikiri, goti bado liko nje. "Sasa kama unahangaikia mupaka pumzi ya ng'ombe, goti ya papa yako itakushinda?"

Mama akainamia ndoo yake, mabega yakitikisika kwa kicheko. Binti akachuchumaa, akalibonyeza lile goti taratibu, kama anayempapasa ndama. Mzee akashusha suruali, akaenda zake bila kuchechemea.

Dunia sijui itapoa lini. Goti limeshapoa.