Mtani Aliposema Nipumzike

Harufu ya dawa ya kuchua ikinifikia puani, uso huniwaka moto mpaka leo. Juzi mwenzangu ofisini aliipaka, mgongo ukimsumbua, nikasingizia simu nikatoka nje. Niwasimulieni ninyi, maana nyumbani sijawahi kulisema.

Nilikuwa darasa la sita, shule ya pembeni mwa Tabora mjini, mfungaji wa timu ya mpira wa pete. Tulicheza pekupeku kwenye udongo mgumu, na goti langu la kulia lilikuwa limevimba kama kiazi. Mashindano ya mkoa yalipokaribia, akaja Dada Mwanahamisi, mtaalamu wa viungo kutoka hospitali, kutufundisha sisi na walimu wetu namna ya kujikinga na majeraha. Alituonyesha kupasha misuli moto, na kutua kwa miguu miwili magoti yakiwa yamekunjwa. Alipofika kwangu alilibonyeza lile goti, nikauma meno.

Balaa ni kwamba yeye alikuwa Mzaramo, na Mwalimu Maganga wa michezo alikuwa Mnyamwezi wa kupindukia. Hao ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na maneno ya mtani hayakasirikiwi. Tangu asubuhi walikuwa wakirushiana vijembe, sisi tukishika mbavu.

"Mwalimu, huyu mtoto apumzike," alisema Dada Mwanahamisi. "Akiruka na goti hili litateguka."

"Nyie Wazaramo kubeba kikapu cha embe tu kunawalaza kitandani," Mwalimu akamjibu. "Babu zetu walikuja kwenu kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, na hakuna aliyeuliza goti."

Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaruka kwa mguu uleule ili waone. Dada Mwanahamisi hakucheka. Alirudia maneno yake taratibu, na hilo nalo tukaliona kichekesho.

Siku ya mechi nilidaka mpira juu, nikatua kwa mguu mmoja, goti likateguka. Nilianguka kifudifudi mbele ya shule zote, sketi imepanda, nikatolewa mgongoni kwa mtu huku nikinuka dawa ya kuchua niliyopakwa. Tukafungwa. Maumivu yalikuwa makali, lakini aibu iliyazidi.

Mwalimu hakuja kuniona. Niliporudi shuleni nikitembelea gongo, kila aliponiona alikata kona nyuma ya madarasa. Nikajua nimemwaibisha. Tangu hapo sikugusa mpira, na hata nilipokuwa mtu mzima niliona haya kupita karibu na uwanja ule.

Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu kwenye mafunzo ya wachezaji chipukizi na makocha wao. Akasimama mzee mstaafu kuzungumza na makocha. Alikuwa Mwalimu Maganga.

"Mtani wangu aliniambia kweli, nikaigeuza utani," alisema. "Yule binti sikuweza kumtazama tena."

Hakujua kwamba nimeketi nyuma. Miaka yote ile nilidhani ananionea aibu, kumbe alikuwa akijionea aibu yeye mwenyewe, nami nikaichukua nikaifanya yangu.

Watu walipotawanyika nilimfuata, nikamwamkia. Alitazama goti langu kwanza, ndipo akanitazama usoni.