Sutie tatu, maumivu pahali pamoja

Bamama, leo nilitaka kuweka hapa picha za sutie, ni kusema sidiria, za bei ya chini.

Sasa sitaziweka.

Nilienda soko la Nchelenge, kwa mama mumoja mwenye kuuzisha salaula, zile nguo za mitumba. Ananijua. Tunajaribishaka juu ya blauzi, pale pale mbele ya batu.

Ya kwanza ikaniuma kushoto, karibu na kwapa.

Nikamurudishia: "Chuma yake ya chini imepinda."

Ya pili, vilevile.

Ya tatu, nikakasirika kabisa! "Mama, leo umeleta takataka tu?"

Akapitisha kidole chini ya ile ya tatu, polepole.

"Hii haina chuma, mutoto yangu. Na zote tatu zinakuuma pahali pamoja. Jiguse."

Nikajigusa.

Kuko kitu. Kigumu, kama punje ya haragi.

Bwana yangu iko kule Puta, ziwani, anavua samaki. Sijamuambia. Nimeandika mesaji mara ine, nimefuta mara ine.

Kesho asubuhi naenda kliniki. Naogopa, bamama. Naogopa sana.

Sutie zote tatu niliziacha pale.

Na wewe mwenye kusoma, yako inakuuma wapi?